Maji Machafu ya Mji: Ni Najisi ya Kutupwa au ni Amana?

 

Suali tulitazamalo leo huenda likamkirihisha msomaji, kwani ni suali la choo. Lakini vitabu vyetu vya fiqhi vyaanza na mlango wa tahara, na wanavyuoni waliovitunga hawakuona haya kuandika hukumu za mkojo na kinyesi kabla hawajafika kwenye sala. Basi na sisi na tuulize waziwazi: Muislamu ana wajibu gani juu ya maji yaliyokwisha kutoka nyumbani mwake?

Tuuchukue mji wa Eldoret, ambako wengi wetu wa pwani tuna jamaa na biashara. Mji huu uko juu ya nyanda za Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 475,000, na mwezi wa Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji. Ndani yake wapita mto Sosiani, ambao huungana na Kipkaren, na Kipkaren na Nzoia, na Nzoia humwaga katika Ziwa Victoria, na katika ziwa hilo hutoka Nile. Mtu wa Eldoret akimwaga maji chooni asidhani kuwa yameisha. Yana safari ndefu, na njiani wako wanaoteka, wanaofua na wanaotawadha. Kampuni ya maji ya mji, ELDOWAS, ndiyo yenye kazi ya kuyakusanya na kuyasafisha, lakini bomba la maji machafu halifiki kila mtaa, na mashimo yakijaa ni lazima yaende mahali.

Sasa tazama yaliyomo ndani ya maji hayo. Wakulima wa mahindi na ngano wa Uasin Gishu hutia mashambani mbolea yenye nitrojeni na fosforasi, na sehemu kubwa ya mbolea hiyo yateremshwa melini hapa Kilindini. Mwaka 2022 gunia moja la kilo 50 lilipita shilingi 6,000. Mahindi yale yaliwa mjini, na karibu nguvu yote ya mbolea iliyoingia katika chakula hicho hutoka tena kwa njia ya choo, nyingi yake katika mkojo. Badala ya kurudi shambani huteremka ziwani, na huko hulilisha gugumaji, lile lililofunga njia ya mashua na wavuvi wa Kisumu tangu miaka ya 1990. Twalipa fedha kuileta mbolea kutoka ng'ambo, kisha twalipa tena kuyang'oa magugu iliyoyaotesha. Ikiwa kumwaga maji bure wakati wa kutawadha ni israfu, hii tuiite jina gani?

Watasema watu: hicho ni najisi, na najisi haina thamani. Kauli hii inachanganya mambo mawili. Mtume s.a.w. alipita penye mzoga wa kondoo aliyekuwa wa huria wa Bibi Maimuna, akawauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaitengeneza na kunufaika nayo. Walipomwambia kuwa ni mzoga, aliwajibu kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Naye Saad bin Abi Waqqas imepokewa kuwa akichukua vikapu vya samadi ya binaadamu kupeleka shambani kwake. Kweli, Abdullah bin Umar alikuwa akishurutisha kwa mwenye kukodi ardhi yake asiitie samadi hiyo. Twayataja yote mawili makusudi, ili ijulikane kuwa sahaba walikhitalifiana katika jambo hili wala hawakulinyamazia. Kinyaa ni tabia ya nafsi, na hukumu hutafutwa kwa dalili.

Ama madhehebu yetu ya Shafi, hayo ni magumu katika mlango huu, na haifai kuyapunguza ili yapendeze. Kwao najisi ya dhati haitahiriki kwa kugeuka, ila ngozi kwa kutengenezwa na pombe kwa kuwa siki yenyewe. Hanafi wao husema kitu kikigeuka dhati yake, hugeuka na hukumu yake. Lakini juu ya maji, Shafi wana neno zuri sana: maji mengi yaliyoharibiwa na najisi, mabadiliko yake yakiondoka yenyewe au kwa kuongezwa maji, hutahirika, ama harufu ikifichwa kwa miski, hayatahiriki. Na je, mabwawa ya kusafishia maji machafu yafanya kazi gani? Maji hukalishwa siku nyingi, tope likazama, na vijidudu na jua na hewa vikala kilichobaki, kutoka bwawa hadi bwawa. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakubwa wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kuwa maji machafu yakisafishwa hata pasibaki athari ya najisi katika rangi wala tamu wala harufu, ni tahiri. Huko Windhoek, Namibia, watu wanayanywa yaliyosafishwa namna hiyo tangu 1968. Hatusemi Eldoret wayanywe. Ya kumwagilia miti na nyasi za ng'ombe yatosha kwa kuanzia.

Wala si ndoto. Naivasha, kampuni ya Sanivation ikishirikiana na kampuni ya maji ya mji hukausha kinyesi na kukitengeneza makaa. Nairobi, Sanergy hukusanya vya mitaa ya mabanda na kuwalisha funza wa nzi weusi, wakawa chakula cha mifugo, na mabaki yakawa mbolea. Moshi wa makaa yale na jivu lake ni mas'ala yenye maneno katika madhehebu yetu, na aliye na shaka atumie kuni.

Eldoret wana zana zote: Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret, kampuni ya maji, na wakulima mlangoni. Kwa kuwa mto hauulizi mpaka wa kaunti, Kakamega na Busia na Siaya nao wana haki ya kuwamo, na mambo ya ziwa yana Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, makao yake Kisumu. Lakini tumezoea kuona ushirikiano ukianza kwa karamu na kuishia katika picha. Kipimo chake kiwe kitu kimoja: je, aliye chini ya mto amepata maji bora kuliko mwaka jana? Tena maji ya viwandani yatengwe, khasa yale yenye rangi na madini, kwani yakichanganyika na ya majumbani tope lote huharibika, na bwawa haliwezi kuyaondoa.

Jambo zito zaidi ni uaminifu. Mwaka 2024 Kenya iliona kashfa ya magunia ya mbolea bandia, na wakulima walikuwa wamekwisha kuyatia mashambani. Mtume s.a.w. alitia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta umaji chini yake, akamkana mwenye kughushi. Basi mbolea ya choo iuzwe kwa jina lake, na mnunuzi aambiwe imetoka wapi na imekaa siku ngapi, maana mayai ya minyoo huishi muda mrefu katika tope lisilotengenezwa. Kwa Shafi kitu najisi hakiuzwi. Hapo mwenye nacho hulipwa kwa kuondoa mkono wake juu yake, au kwa ujira wa kazi na uchukuzi. Nao wanaoshuka mashimoni kuyazoa kwa ndoo, pasipo viatu wala glavu, hatuwapi mkono tukikutana nao njiani, ilhali uchafu waliobeba ni wetu.

Na msomaji wa Malindi au Mombasa asione kuwa haya ni ya bara. Maji machafu ya Nairobi huenda mabwawa ya Dandora, kisha mto Athi, na Athi ndio Sabaki. Kando ya Sabaki, pale Baricho, vipo visima vinavyoleta maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Mchanga wa mto huyachuja, alhamdulillahi, lakini sisi nasi ni watu wa chini ya mto.

Mahali pa kuanzia tunapo. Maji ya udhu katika misikiti yetu, ambayo kwa Shafi ni tahiri ingawa hayatahirishi, twayaelekeza shimo moja na ya choo, na papo hapo tukayanajisi. Kamati za misikiti zitenge mabomba hayo mawili, ya udhu yaende kwenye minazi na miembe ya waqfu.

Wa billahi taufiq.