TUMKUMBUKE MFANYA BIASHARA KWA YATIMA ALIOWAACHA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, mwenye kuruzuku na mwenye kufisha. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekua yatima na akafanya biashara kwa uaminifu, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Enyi Waislamu wa Butembo na Beni, nawausia nyinyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, miji yetu hii ni miji ya biashara. Kamyo zinapanda kutoka Kasindi zimebeba mali iliyoshushwa bandarini Mombasa, na zingine zinateremka na kahawa na kakao. Biashara ni halali, Mwenyezi Mungu mwenyewe ameihalalisha. Lakini tangu Oktoba 2014 upande wa Beni umeona mauaji mengi, na kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulipita katika nyumba zetu. Wako wababa waliofunga duka jioni wasilifungue tena asubuhi. Kwenye matanga tunakaa, tunasema: marehemu alipenda watu wa nyumba yake, alisaidia majirani, hakudanganya katika mizani. Tunasema kweli. Swali la leo ni hili: matanga yakiisha, maneno hayo yanamfaa nini marehemu, na yanawafaa nini watoto wake?

Tuangalie maisha ya Mwislamu mmoja wa pwani, wa mji wa Dar es Salaam. Jina lake Kleist Sykes. Jina la kwanza ni la Kijerumani, kwa sababu alizaliwa kati ya askari wa Wajerumani, huko Pangani, mwaka 1894. Baba yake alitoka Inhambane, Msumbiji, akaletwa Tanganyika kama askari. Akafa katika vita vya kupigana na Mkwawa, mtoto akiwa bado hamjui baba yake.

Basi, nani alimlea mtoto huyo? Alimchukua rafiki wa baba yake, askari mwenzake, aliyeitwa Effendi Plantan. Alikaa nyumbani mwake kama mtoto wa nyumba. Akapata elimu, akajua kusoma, kuandika na kupiga mashini ya kuandika. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ukarani katika reli, kisha akashika biashara, akawa na duka lake mjini.

Mwaka 1929 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha African Association, naye akawa katibu wake. Mwaka 1933 yeye na wenzake wakaanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na jamiya hiyo ikajenga shule Dar es Salaam, watoto wa Kiislamu wasome Kurani pamoja na masomo ya dunia. Nyumbani aliwalea watoto wake, Abdulwahid, Ally na Abbas, akahangaikia masomo yao. Kabla hajafa mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake, na mjukuu wake wa kike akazitumia kuandika historia yake, ikachapishwa mwaka 1973. Chama kile cha 1929, baada ya kubadilika, ndicho kilichozaa TANU mwaka 1954, na Abdulwahid na Ally walikuwa kati ya waanzilishi 17. Mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akifa matendo yake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Duka halikutajwa. Bwana Kleist aliacha shule, akaacha maandishi, akaacha watoto.

Lakini rudini nyuma kidogo. Mambo hayo yote yalitoka kwa yatima mmoja. Kama rafiki wa baba yake angelia siku tatu kwenye matanga kisha akarudi nyumbani kwake, yangetoka wapi? Effendi Plantan hakujua anamlea nani. Alijua tu kwamba rafiki yake amekufa na ameacha mtoto.

Sasa tujitazame sisi. Mfanya biashara akifa hapa kwetu, mara nyingi kabla ya siku arobaini funguo za duka zimeshikwa na baba wadogo. Mjane anaambiwa arudi kwao. Watoto wanafukuzwa shuleni kwa sababu ya feza. Na wale wale waliomsifu marehemu ndio wanaogawana mali yake. Ndugu zangu, huko si kumkumbuka, huko ni kumwibia akiwa kaburini. Katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu ameonya kwamba mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma anakula moto. Na sura hiyo hiyo imempa mke fungu lake, sehemu moja ya nane kama marehemu ana watoto. Hakuna baba mdogo wala shehe mwenye ruhusa ya kulifuta.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah. Enyi waumini, tutoke hapa na mambo matatu.

La kwanza, wewe mfanya biashara, andika. Surat Al-Baqara imetuamuru tuandike deni. Buku yako ioneshe nani anakudai na nani unamdai, na mke wako ajue buku iko wapi.

La pili, deni la marehemu lilipwe kabla ya kurithi. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu asiyeacha kitu, hakutaka kumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Basi mwenye kumpenda marehemu asiulize tu ameacha nini, aulize pia anadaiwa nini.

La tatu, kila mwenye duka kati yetu achague yatima mmoja wa rafiki yake aliyekufa, amlipie masomo mpaka amalize. Asitangaze. Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu.

Ewe Mola wetu, wasamehe wafanya biashara wetu waliotangulia, waliokufa njiani, mashambani na vitandani. Lipa madeni yao, linda wajane wao, kuza watoto wao katika dini na elimu. Leta amani Beni, Butembo na Kongo yote. Amin, ya Rabbal Alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.