Gharama Hugawanywa, Hatia Haigawanywi

Katika mji wetu wa Lubumbashi nyama ya ng'ombe ni ya bei kubwa, na nyama ya pori hupendwa sana. Kwa hiyo watu hushirikiana. Tuseme wanaume wanane wa Katuba, watu wema wenye watoto shuleni, wanakaa pamoja na kufanya hesabu kama watu wa likelemba. Mmoja anatoa fedha ya risasi, wa pili anatoa ya mafuta ya gari, wa tatu anamjua mwenye bunduki katika kijiji kimoja upande wa Mitwaba. Kiangazi kinakaribia kwisha. Majani yameungua, na wanyama waonekana toka mbali. Mwindaji anaambiwa: Usichague, dume au jike, wewe lete nyama tu. Kila mtu ametoa kidogo, na kila mtu atapata fungu lake.

Je, watu hao wametenda jambo la haki? Na kama si la haki, ni nani aliyelitenda?

Tusiharakishe kujibu. Kuwinda peke yake si dhambi. Waluba husimulia habari za Mbidi Kiluwe, mwindaji hodari aliyetoka mashariki, ambaye mwanawe Kalala Ilunga alisimamisha ufalme wao. Kanisa nalo lafundisha kwamba mtu aweza kutumia wanyama kwa chakula na mavazi yake, na wawindaji wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Hubert, askofu aliyefariki mwaka 727. Kushirikiana gharama pia si dhambi. Jambo asiloliweza maskini mmoja, maskini wanane huliweza. Na huo ni wema.

Basi kosa liko wapi, kama liko? Ili tuone vizuri, tutazame kwanza nchi nyingine ambako watu hufanya karibu jambo lile lile.

Huko Marekani, katika majimbo ya milimani kama Montana na Wyoming, yuko mnyama aitwaye wapiti. Ni wa jamaa ya paa, lakini mkubwa: jike wake huwa na uzito wa kilo 200 na zaidi. Majira ya baridi yanapoingia, marafiki watatu au wanne wasio na mali nyingi huungana ili kuwinda majike. Hati ya jike mara nyingi ni ya bei ndogo kuliko hati ya dume mwenye pembe, nao wanataka nyama, hawatafuti pembe za kutundika ukutani. Mafuta ya gari, chakula na hema hulipwa na wote. Tena wanahitajiana, kwa sababu mtu mmoja hawezi kubeba mnyama mkubwa namna ile katika theluji.

Tena tuseme ukweli wote: wapiti hupandana mwezi wa Septemba na kuzaa Mei au Juni. Kwa hiyo jike anayepigwa Desemba au Januari kwa kawaida ana mimba. Jambo hilo ni zito, na mwindaji mwenye moyo hulisikia. Lakini huko wanyama hao wamekuwa wengi mahali pengi, hata wanakula nyasi kavu walizowekewa ng'ombe. Wakuu wa jimbo hukadiria idadi yao, kisha huamua ni majike wangapi watolewe. Anayewinda kwa hati anachukua sehemu iliyokwisha kupimwa.

Sasa angalia jambo moja. Marafiki wale hugawana kila gharama, lakini kila mmoja huchukua hati yake yenye jina lake. Katika majimbo mengi ya magharibi mtu haruhusiwi kumpiga mnyama kwa hati ya mwenzake. Mfuko ni mmoja, lakini kila mnyama ana mtu wake wa kumjibia.

Turudi kwetu. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na Kundelungu mwaka 1970. Huko Upemba wamebaki punda milia wa mwisho wa nchi yetu. Punda milia jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha huzaa mtoto mmoja tu. Katika mabwawa ya bonde lile yuko pia swala wa majini, wa jamaa ya kuro, ambaye wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake mwaka 2005 tu. Naye amekuwa haba sana. Tendo ni lile lile, risasi moja na jike mmoja. Lakini kule risasi inapunguza ziada, huku inakata shina. Anayesema, lete dume au jike, mimi sijali, anakula mbegu ya shamba ambalo si lake peke yake.

Najua yatakayosemwa.

Wa kwanza atasema: Mimi sikupiga bunduki, nilitoa franka kidogo tu. Ndugu yangu, Katekisimu yafundisha kwamba anayeshiriki dhambi ya mwingine kwa hiari yake, au anayeiagiza, au anayeisifu, naye ana hatia. Watu wanane wakigawana gharama, kila mmoja hulipa sehemu ya nane. Lakini wakiua mnyama asiye halali, hakuna aliyeua sehemu ya nane ya mnyama. Laiti mmoja wao angekataa, huenda gari lisingeondoka. Hatari ya kundi ndiyo hii: dhambi inakuwa ya bei rahisi, na kila mtu anadhani iko kwa jirani yake.

Wa pili atasema: Watoto wangu wanataka kitoweo. Neno hili lastahili heshima. Mwanakijiji anayekaa kando ya hifadhi, mwenye njaa ya kweli, hatuwezi kumhukumu sawa na mtu wa mjini. Lakini mwenye uwezo wa kujaza mafuta hadi Mitwaba ana uwezo wa kununua samaki wa Kasenga, au kushirikiana na wenzake kununua mbuzi. Anayoiita njaa ni hamu.

Wa tatu atasema: Wakubwa wanachukua zaidi, na karatasi ya ruhusa hununuliwa chini ya meza. Huenda ni kweli. Sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 yadai ruhusa, na ruhusa iliyonunuliwa kwa rushwa si ruhusa. Lakini wizi wa mkubwa haumpi mdogo haki ya kuiba. Wamkosesha nyama mjane yule yule, mmoja kwa gunia, mwingine kwa kikapu.

Wazee wa zamani waliielewa habari hii. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwambia mtu anayekuta kiota njiani, mama yu juu ya makinda yake, kwamba aweza kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Sheria hiyo haimnyimi mtu chakula. Inamkataza tu asile leo na kesho kwa mara moja.

Tena tukumbuke kwamba safari ya bei rahisi siyo rahisi kwa wote. Bei iliyopungua Katuba imelipwa mahali pengine. Mwindaji wa kijijini ndiye atakayefungwa akikamatwa, wala si wale waliomtuma. Walinzi kadhaa wa Upemba wameuawa kazini, wakaacha wajane na yatima. Na mtoto wa kijiji kile kesho atamwona punda milia katika kitabu tu.

Basi, ndugu msomaji, ukialikwa kuchanga, usianze kwa kuuliza ni franka ngapi kila mtu. Uliza kwanza: Mnyama gani, na wa mahali gani? Wamebaki wangapi, na nani amewahesabu? Ruhusa ina jina la nani? Mwenye kijiji amekubali, na atapata fungu lake? Mwindaji akikamatwa, sisi wanane tutasimama pamoja naye mbele ya hakimu? Ukipata majibu mema, toa fedha yako, ule bukari yako kwa amani. Wenzako wakicheka au wakinyamaza, rudisha fedha mfukoni. Na usiondoke kimya. Waambie sababu, maana huenda katika wanane yumo mwingine aliyekuwa akingoja mtu wa kwanza kusema.