Nenda kando, unyamaze

Somo: Marko 1:35, 1 Wafalme 19:9-13



Tangu vita ilipoingia Bukavu, Februari 2025, wengi tunapiga magoti lakini mioyo imejaa kelele. Mimi shemasi wenu pia: niliongoza maombi huku ndani nimekauka. Asubuhi moja nikateremka kando ya ziwa Kivu, nikaketi bila kuomba kitu. Wavuvi walikuwa wanarudi na sambaza. Mungu alikuwa angali anatulisha. Nikamkumbuka Eliya, aliyemkosa Bwana katika upepo, tetemeko na moto, akamsikia katika utulivu.

Utasema: «Huku Kadutu nyumba zimebanana, nitanyamaza wapi?» Papa Simon Kimbangu alifungwa tangu 1921 mpaka alipofariki 12 Oktoba 1951, gerezani Elisabethville, leo Lubumbashi. Miaka 30 bila ziwa wala mlima, na imani haikuzimika.

Yesu naye alijitenga alfajiri, kisha akarudi kwa watu. Basi juma hili amka mapema, ketia mlangoni, nyamaza mbele za Mungu. Halafu nenda kwa jirani aliyelala njaa.

Amina.