Mgonjwa Asiyesumbua

Sifa ya kwanza niliyopata tangu niache chuo ilitoka kwa nesi wa zamu ya usiku. Alikuwa akibadilisha chupa yangu ya maji, akatazama faili, akanitazama mimi, akasema, "Wewe ni mgonjwa mzuri. Husumbui." Nikatabasamu kama mtoto aliyechorewa nyota kwenye daftari. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mimi ni mzuri wa kitu chochote. Mama alikuwa ameacha kuuliza nitarudi chuo lini, na watu ninaowaandikia makala za mtandaoni huwa wanasema tu "sawa, tumepokea," kisha wanakalia pesa. Kwa hivyo sifa hiyo niliishika kwa mikono miwili. Siku mbili baadaye, karibu imuue mzee wa watu.

Hospitali yenyewe ni ya mtaani, upande wa Eastlands, moja ya zile ambazo nusu ya majirani zako walizaliwa humo. Jina nitaliacha. Wadi ya wanaume ni moja, vitanda kama thelathini, na magonjwa yamechanganyika: pikipiki, kisukari, nimonia, vidonda vya tumbo. Mimi nilifika na kichomi. Upande wa kulia ulikuwa unanichoma kila nikivuta pumzi, homa ilikuja jioni kama mtu mwenye miadi, na usiku jasho lililowesha shuka. Wiki sita nilikuwa nimewaambia watu "niko poa." Eksirei ikaonyesha kifua upande mmoja kimejaa maji. Wakayatoa kwa sindano, zaidi ya lita moja, rangi ya chai hafifu. TB ya utando wa mapafu. Kohozi langu halikuonyesha vijidudu, kwa hivyo niliachwa wadi ya kawaida na wengine.

Hilo neno "poa" nilipata muda mwingi wa kulifikiria pale. Kitu kikipoa, kimepungua moto. Uji unapoa. Mtu hapoi, mtu anapona. Lakini sisi wa Nairobi tukiulizwa tuko aje, tunajibu kwamba tumepoa, hata tukiwa na homa ya kukaangia yai.

Hakuna anayekufundisha kuwa mgonjwa mzuri, ila kufikia siku ya pili unajua. Mgonjwa mzuri akiulizwa na daktari anasema "afadhali," na anasema haraka maana daktari bado ana vitanda ishirini mbele. Haulizi kidonge cha njano ni cha nini. Maumivu yakija saa nane usiku anayaweka mpaka asubuhi, kama mtu anayeweka taka ndani akingoja siku ya gari. Anajipeleka chooni akishika ukuta. Na akipewa chochote, hata kile kilicho haki yake, anasema asante mara mbili.

Mgonjwa mbaya wetu alikuwa kitanda cha dirishani. Makanga wa matatu, mguu umevunjika mahali pawili, sauti ya stage haijapungua hata kidogo. "Sista! Jana mlinipa mbili, leo ni moja, kwani ingine imeenda wapi?" "Sista, huyu wa huku amemaliza maji!" "Daktari, niambie kwa Kiswahili buda, hiyo ni nini umeandika?" Wadi nzima tulimchoka. Akianza tu, watu wanageukia ukuta. Mimi nilimchukia hasa, na sasa naona kwa nini. Kila alipoita, mimi nilizidi kuonekana mzuri. Ubora wangu ulikuwa unategemea makelele yake.

Kitanda cha kushoto kwangu alikuwa mzee mmoja fundi viatu. Ana kisukari, na kidonda mguuni kilichoanza na msumari wa kiatu ambao hakuuhisi. Aliniita kijana, mimi nikamwita mzee, na tulipatana vizuri kwa sababu sote wawili tulikuwa wanyamavu. Mama alipoleta mayai na uji kwenye themosi, alimpakulia na yeye. Jioni ya usiku ninaotaka kuusimulia alidungwa sindano yake ya insulini kama kawaida, kisha chakula kikaja. Sima na kabichi iliyopoa. Akaonja, akasukuma sahani, akasema hana hamu. Sikuona ajabu. Nani angekuwa na hamu ya ile kabichi?

Kama saa sita hivi akaniita. "Kijana. Niitie sista." Nikauliza kuna nini. Akasema anasikia vibaya tu. Kwa mwanga wa taa ya mlangoni niliona uso unang'aa kwa jasho na mkono ulioshika blanketi unatetemeka. Na nakumbuka kabisa nilichofikiria. Sikufikiria kuhusu yeye. Nilifikiria kwamba nesi ndiyo kwanza ameketi. Alikuwa peke yake na mwanafunzi mmoja kwa wadi nzima, na saa moja mapema nilikuwa nimemwita kwa sababu ya maji yangu. Nikimwita tena nitakuwa kama yule wa dirishani. Nikamwambia mzee, "Ngoja kidogo, atapita sasa hivi."

Akangoja. Alikuwa mgonjwa mzuri pia.

Baada ya muda akaanza kusema maneno yasiyoshikana, kitu kuhusu gundi na mteja wa jana, halafu akanyamaza. Nikajiambia amelala. Mpaka leo sijui kama niliamini hivyo au niliamua kuamini. Aliyekuwa macho ni makanga. Kutoka upande ule mwingine wa chumba alikuwa ameona mkono wa mzee umening'inia nje ya kitanda, na akapiga kelele ambayo nadhani walinzi wa geti waliisikia. "Sista! Sista! Mzee anaenda! Kuja haraka!" Watu wakaamka wakimtukana. Mmoja akamwambia anyamaze, hii si Muthurwa.

Nesi akaja akikimbia, ndala moja mguuni. Akamdunga kidole, akapima, na nikamwona uso ukibadilika. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Insulini imeingia, chakula hakijaingia. Wakamtilia glukosi kwenye mshipa, na ndani ya dakika chache mzee akafungua macho na kuuliza kwa nini taa zimewashwa. Mwanafunzi akamletea chai yenye sukari na mkate. Nesi alipomaliza akapita kwa makanga, nikadhani atamshukuru. Akamwambia, "Lakini hata wewe, si ungeita pole pole?"

Asubuhi mzee akanigeukia. Hakukumbuka mengi, ila alikumbuka kuniambia nimwitie sista. "Asante kijana," akasema. "Mungu akubariki. Ungelala, mimi ningekuwa nimeenda." Nikasema, "Usijali mzee."

Ndiyo hayo. Nimeandika haya yote ili nifike kwa hiyo "usijali."

Sasa naweza kujitetea, na nimejaribu. Nesi mmoja, wagonjwa thelathini. Kila dakika ninayomchukua mimi inatoka kwa mwingine. Kwa hesabu hiyo, kunyamaza ni kugawana, kama kwenye matatu unaposogea ili wa tano akae kwenye kiti cha watu wanne. Tumelelewa hivyo. Subira huvuta heri, mvumilivu hula mbivu, na kadhalika. Na si uongo kwamba wadi ambayo kila mtu anapiga kelele ni wadi ambayo hakuna anayesikika.

Tatizo ni kwamba hoja hii inanitosha mimi tu. Kichomi changu ni changu. Nikiamua kukivumilia mpaka asubuhi, hiyo ni zawadi ninayoweza kumpa nesi, japo ni zawadi ya kijinga. Lakini kutetemeka kwa mzee hakukuwa kwangu. Nilichukua zamu yake nikaitoa sadaka, halafu nikapokea baraka za mtoaji. Na tena nesi hakuomba zawadi hiyo. Alichohitaji ni habari. Mtu mmoja hawezi kuona vitanda thelathini gizani, na wanaomwonea ni sisi tulio kando. Wasemao mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wakimwambia mgonjwa. Hawakusema kitu kuhusu anayeficha maradhi ya jirani yake ili yeye aonekane mstaarabu.

Na hii subira tunayosifu, nashangaa ni nani hasa anayedaiwa. Madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kwa sababu mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 ulikuwa haujatekelezwa. Nilikuwa bado shule ya upili, na nakumbuka watu wazima wakisema madaktari hawana utu, wangevumilia tu. Walikuwa wamevumilia zaidi ya miaka mitatu. Siwalaumu. Nasema tu kwamba hata wao walijua kuna mahali subira inakuwa njia ya kumsaidia asiyetaka kulipa.

Mgonjwa akigoma je? Huko Kapsabet mwaka 2010, watu waliokatiza dawa za TB walipelekwa mahakamani na kufungwa gerezani, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Gerezani, fikiria, na ugonjwa unaosambaa kwa hewa. Ilichukua mpaka mwaka 2016 Mahakama Kuu kusema kwamba kumtenga mgonjwa wa TB kwa kumfunga jela ni kinyume cha Katiba. Nilipoisoma kesi hiyo nilikuwa katikati ya dozi yangu mwenyewe, na kilichonikaa kichwani si sheria. Nilijiuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwauliza kwa nini waliacha, na kungoja jibu.

Maana hata mimi nilikaribia kuacha. Dozi ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata mbili. Zinatolewa bure kwenye hospitali za serikali, hilo nishukuru. Siku ya kwanza mkojo unatoka rangi ya Fanta na hata kama umeonywa unashtuka. Kufikia mwezi wa tatu, kikohozi kimeisha, mwili umerudi, suruali zinabana, na kila asubuhi unameza dawa ya ugonjwa usiousikia. Hapo ndipo watu wengi huteleza. Nami vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi na kuwasha kama nimekanyaga upupu. Unadhani nilisema?

Kila nilipokwenda kuchukua dawa niliulizwa unaendeleaje, nikajibu niko poa, nikatiwa alama kwenye kadi. Kisha siku moja akawa mama mwingine, mtu mzima, miwani shingoni. Hakuuliza naendeleaje. Akauliza, "Macho yanaona vizuri? Tumbo? Miguu je, inawasha?" Nikasema kidogo. Akaweka kalamu chini. "Kidogo tangu lini?" Tangu wiki tano. Akanitazama kama mama yangu akigundua nimekula kodi ya nyumba. Akaeleza kwamba moja ya dawa zile huweza kusumbua mishipa ya fahamu, na kwamba kuna vitamini ya kusaidia, B6, na akaniandikia. Dakika tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuruka siku moja moja kwa ajili ya miguu ile, na kama angeniuliza kwa njia ya kawaida ningeendelea kuwa poa mpaka TB irudi.

Nilimaliza dozi. Nimepona, kwa maana ya hospitali.

Yule mzee ana kibanda karibu na stage ya mtaa wa pili, sanduku la mbao na mwavuli. Mguu wameuokoa, isipokuwa vidole viwili. Mara ya kwanza nilimpelekea kiatu kwa kuwa kiatu kilikuwa kimepasuka kweli. Akanitambua, akaita jirani yake muuza mahindi aje amwone kijana aliyemwokoa hospitalini. Alikataa pesa yangu. Nikaenda nyumbani na kiatu kilichoshonwa vizuri na tumbo limekaza. Sikukivaa kwa wiki.

Mara ya pili nilibeba kingine ambacho hakikuhitaji kazi kubwa. Nikakaa kwenye kile kistuli, nikamwambia. Kwamba alipoomba nimwitie sista sikuita. Kwamba nilimwambia angoje kwa sababu nilitaka nesi anione mzuri. Kwamba aliyepiga kelele ni yule makanga wa dirishani.

Akaendelea kushona. Muda mrefu, nafikiri, ama ni mimi niliuona mrefu.

"Yule wa kelele?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi niliomba wamhamishe."

Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akakipiga kiatu vumbi kwenye goti lake na kunikabidhi.

"Mia moja," akasema.

Nikamlipa.