Mbwa, Jua na Maji ya Udhu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wiki mbili zilizopita, baada ya darasa ya magharibi, kijana mdogo kabisa katika wanafunzi wetu alituuliza suala mbele ya wenziwe. Alisema: "Shekhe, siku ile pale Feri, ikiwa kumnywesha yule mbwa kulikuwa ni makosa, mbona hukumkataza yule mama? Na ikiwa kulikuwa ni thawabu, mbona hukumtangulia?"

Tulimjibu, "Wallahu aalam." Neno hili ni jema likitoka katika kinywa cha asiyejua. Likitoka kwa anayejua naye aona haya kusema, huwa ni kificho tu. Kwa hivyo leo twamjibu kwa kalamu, ili wasikie wale waliokuwapo Feri na wale ambao wamepata khabari hii kwa kuhadithiwa, nayo imekwisha kuongezwa chumvi.

Kisa chenyewe ni hiki. Ilikuwa ni katika siku za kaskazi, jua la utosini, adhuhuri imekaribia. Tulikuwa tukivuka kwenda Likoni mazikoni, na mkononi tuna chupa ya maji ya lita moja na nusu, tuliyoichukua kwa ajili ya udhu. Watu walikuwa wengi kama kawaida ya pale, na penye kivuli hapana nafasi ya kuweka mguu. Katika mteremko wa lami, juani, alisimama kijana mmoja mlinzi ameshika mnyororo wa mbwa mkubwa mweusi mwenye manyoya mengi, katika hao wanaoitwa mbwa wa kizungu. Tajiri wake alimwagiza amvushe ng'ambo. Matatu hazikukubali kumpakia mbwa, wala tuktuk, basi alikuja naye kwa miguu mji mzima.

Yule mbwa alikuwa akiinua mguu huu na kuuweka, akiinua ule na kuuweka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Baadaye alilala. Ulimi umetoka wote, ute mzito wamchuruzika, na kila kijana alipovuta mnyororo mbwa hakuweza kuinuka. Watu wakacheka. Wengine wakakusanya kanzu zao na mabuibui yao wakarudi nyuma. Mmoja alisema kwa sauti, afadhali afe, tupumzike na najisi. Na sisi, wasomaji wetu, tulikusanya kanzu yetu kama walivyokusanya wao, tukarudi nyuma hatua tatu. Walio karibu nasi walitutazama, wakaona tumenyamaza, wakachukua kimya chetu kuwa ni fatuwa.

Ndipo akaja mama mmoja mtu mzima, muuza njugu, amejifunga leso. Akamuuliza yule kijana: "Mwanangu, huyu amekunywa maji lini?" Kijana akajibu: "Tangu alfajiri, mama, hajanywa." Mama akatoa kifuu cha nazi alichokuwa akipimia njugu zake, akatia maji aliyojinunulia kunywa mwenyewe, akamuwekea mbwa mbele ya mdomo. Yaliyobakia akammwagia tumboni na katika nyayo, kisha akawaambia watu wasogee, upepo wa mlangoni umfikie. Mbwa aliramba polepole, kisha kwa pupa. Baada ya muda akainuka. Feri ile ikawa imekwenda, wakangoja ya pili. Na yule mama alipotaka kuondoka, kijana alimrudishia kile kifuu, akasema, "Kichukue, mwanangu, kishakuwa chake."

Neno hili la mwisho lataka kuangaliwa vyema. Yule mama hakuwa mjinga wa sharia. Alijua kuwa chombo alichokiramba mbwa hakirudi kupimia chakula hivi hivi, akakitoa kisirudi. Hakuivunja hukumu ya najisi hata kidogo. Aliishika hukumu na akampa maji kiumbe mwenye kiu, yote mawili kwa mkono mmoja. Sisi tulikuwa na ilimu ya lile la kwanza, tukaifanya kuwa udhuru wa kuacha la pili.

Wala haturukii katika kundi la wale wanaosema kuwa mambo ya najisi ya mbwa ni ya kale na yamepitwa na wakati. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwetu mbwa ni najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga, kama ilivyokuja katika hadithi sahihi. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Malik wanasema kuwa mbwa aliye hai ni tohara, na kule kuosha ni ibada tu tuliyoamriwa. Nao ni Waislamu kama sisi na sala zao ni sahihi. Tena hata kwetu sisi, kikavu kikigusa kikavu hakipitishi najisi. Mbwa mkavu akipita akaigusa kanzu kavu, kanzu haikuharibika. Ni wangapi katika waliokimbia siku ile wanaolijua hilo? Sisi twalijua, na tulikimbia.

Basi sharia ya najisi yasema nini? Yasema: ukiguswa na rutuba yake, osha hivi na hivi. Ni sharia ya baada ya kugusa. Hakuna mahali iliposema, mwache afe ili usipate taabu ya kuosha.

Wako wanaotoa hoja kwa aya ya Suratul Aaraf, ambamo mtu aliyepewa aya za Mwenyezi Mungu akajivua nazo amepigiwa mfano wa mbwa: ukimhujumu hutweta, na ukimwacha hutweta. Wasema, tazama mbwa alivyotukanwa. Walakini anayelaumiwa katika aya ile ni yule mwanachuoni, na mbwa ni mfano. (Na sisi tunaovaa vilemba ingefaa tuisome aya hiyo polepole zaidi kuliko wengine.) Kule kutweta kwenyewe ndiko Muumba alikomjaalia kujipoza. Mwanadamu hutoka jasho mwili mzima, likikauka kwa upepo ngozi hupoa. Mbwa hana jasho hilo isipokuwa kidogo chini ya nyayo. Hupoa kwa kupitisha pumzi juu ya ulimi na koo iliyo na majimaji. Akikosa maji mwilini, au upepo wenyewe ukiwa wa moto, kutweta hakumfai kitu. Joto la mwili wake akiwa mzima ni kiasi cha nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 yu hatarini kufa. Na lami iliyopigwa na jua la mchana huwa na moto kuliko hewa, yaweza kupita nyuzi 50, naye hana kiatu. Anayetia shaka na aweke mgongo wa mkono wake juu ya lami ya Feri saa saba mchana, ahesabu mpaka kumi, kama ataweza.

Ama hadithi ya mtu wa kisimani, hapana mtoto wa chuoni asiyeijua. Mtu alishikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamwona mbwa anatweta na kula udongo mbichi kwa kiu. Akasema moyoni kuwa huyu yamemfika yale yaliyonifika mimi, akarudi chini, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno ili mikono ipate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba walipouliza kama katika wanyama wana ujira, waliambiwa kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Imamu Bukhari ameitaja pia katika mlango wa udhu, na wanavyuoni wakabishana hapo: je, mbwa alinywa ndani ya khofu yenyewe, na ikiwa ndivyo, je, mate yake ni tohara? Wa kwetu wakajibu kuwa huenda alimmiminia penginepo, au aliiosha khofu baadaye. Ubishi huu ni mzuri, nasi tumeusomesha mara nyingi. Tumeusomesha mpaka kiu ya yule mbwa ikatutoka, tukabakia na khofu.

Lililotuuma zaidi ya hayo yote ni masala ya tayamamu. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu tunachokifungua kila mwaka, zimetajwa sababu za kuhalalisha tayamamu, na mojawapo ni kuhitajika yale maji kwa kiu ya mwenye kuheshimiwa na sharia, hata kama kiu hiyo ni ya baadaye. Mashekhe walipofasiri neno hilo walitia ndani wanyama, wakamtoa mbwa mkali mwenye kudhuru watu. Mbwa wa ulinzi asiyedhuru hakutoka. Maana yake ni kuwa msafiri aliye nyikani, naye ana maji ya udhu tu, na mbwa wake ana kiu, maji ni ya mbwa, na msafiri atapiga mchanga asali.

Na hii haikuwa masala ya vitabuni kwa watu wa mji huu. Kabla reli haijaanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, aliyekwenda bara alikwenda kwa miguu, na nyuma ya Mariakani na Samburu alikabiliana na nyika ya Taru, miiba na mchanga mwekundu, maji yake ni ya vidimbwi vya mwambani, na vikikauka hapana mengine mpaka mbali sana. Mtu alibeba kibuyu chake na kukihesabu kwa tone. Waliotunga sharia waliwatazama watu kama hao, tena jangwani kukavu kuliko Taru, na bado wakasema mnyama apewe. Sisi tulikuwa Feri, na maduka ya maji yako nyuma yetu.

Yatasemwa, na yamekwisha semwa barazani, kuwa mji una watu wenye njaa, na Shekhe amekaa aandika juu ya mbwa. Hoja hii ina uzito, na mwanadamu ndiye wa mbele. Lakini pale juani walikuwapo wawili. Yule kijana naye alitembea njia ile ile, chini ya jua lile lile, tangu alfajiri, na midomo yake ilikuwa imekauka. Je, katika sisi tunaosema mtu kwanza, ni nani aliyempa yeye maji? Hapana hata mmoja. Aliyempa ni yule yule mama, alipokwisha kumnywesha mbwa, akamuuliza, "Na wewe je?" akamtolea shilingi akanunue. Tuliyaona hayo kwa macho yetu, na hatukuyatilia maanani mpaka tuliposhika kalamu hii.

Lawama kwa kijana ni ndogo. Yeye aliagizwa, na akikataa atakosa kazi. Lawama kubwa ni ya tajiri aliyeketi kivulini akatuma wawili watembee saa za moto bila ya chombo cha maji. Kufuga mbwa kwa kuwinda, kwa kulinda mifugo na shamba kumeruhusiwa, na wanavyuoni wetu wengi wamekisia ulinzi wa nyumba juu ya hayo. Lakini ruhusa ya kumfuga haikuja peke yake. Shekhe Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alizihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe: amlishe hata akizeeka au akiugua asipokuwa na faida naye tena, wala asimtwishe asiloliweza. Kutembea katika lami ya saa saba mchana ni katika asiloliweza. Mwenye haja ya kwenda na mbwa, iwe ni kuvuka Feri au ni kutembea nyikani kama wanavyopenda vijana wa siku hizi, na atoke baada ya alfajiri au angoje baada ya alasiri, apite penye mchanga na majani, achukue maji ya wawili na chombo cha mbwa mbali. Akimwona anayumba, au fizi zimekuwa nyekundu sana, au anatapika, safari imekwisha: kivuli, maji mwilini, upepo, na kunywa kidogo kidogo. Yule muuza njugu aliyafanya yote hayo bila ya kusoma popote.

Sasa jibu lako, mwanangu uliyeuliza. Hayakuwa makosa, ilikuwa ni thawabu. Na hatukumtangulia yule mama kwa sababu tuliwaonea haya watu, tukakhofu isije ikasemwa kuwa fulani mwenye kilemba ameonekana Feri ameinama mbele ya mbwa. Sababu ya maji ya udhu tuliizua baadaye, tukiwa ndani ya feri, ili tupate kujituliza. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, nacho hakifiki lita. Tulipofika Likoni tulitawadha kwa ile chupa, tukamsalia maiti, na tulipoiinua kuondoka ilikuwa imebakia nusu.