Kuacha si Kukata Tamaa

Kiingereza kina kitenzi kimoja, give up, kilichobebeshwa mzigo mkubwa. Hutumika kwa anayeacha sigara, anayempisha mzee kiti kwenye basi, askari anayesalimu amri na mgonjwa aliyechoka kutumaini. Kiswahili kimempa kila mmoja neno lake: kuacha, kupisha, kusalimu amri, kukata tamaa. Mwalimu Nyerere alipotoka madarakani mwaka 1985 tukaongezewa na jingine kutoka Kizanaki, lugha yake ya nyumbani: kung'atuka.

Maneno tunayo, ila tukianza kuhukumiana tunayasahau. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa uzamili aliacha masomo akarudi kijijini kumuuguza mama yake. Darasani ikawa kauli moja: amekata tamaa. Nilimpigia simu wiki ileile. Alinieleza saa za dawa, uji anaoupenda mgonjwa, na mahindi yanayosubiri palizi. Tamaa iliyokatika sikuisikia.

Kukata tamaa ni jambo la moyo. Kuacha ni tendo. Kimoja chaweza kuwapo bila kingine. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, lakini akamaliza, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Tunamheshimu kwa haki. Katika mbio hizohizo Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, alitoka kabla ya nusu ya njia kwa sababu ya mguu. Nani atathubutu kusema Bikila hakuwa na moyo?

Wapo pia wanaoendelea huku walishakata tamaa zamani. Wanahudhuria, wanasaini, wanaondoka. Hao hatuwasemi.

Mtu ataniuliza: je, mvivu naye asijifiche humo, aseme ameacha tu? Anaweza. Ndiyo maana nadhani tusitazame alichokiweka chini pekee, tutazame pia mikono yake sasa imeshika nini. Ya mwenzetu imeshika bakuli la uji.

Ada yangu ya muhula ujao haijapatikana. Huenda nami nikaacha. Siku hiyo ikifika, semeni nimeacha. Hilo la tamaa niulizeni mwenyewe.