Adabu za Kwenda Kutazama Maua ya Kitulo

Maua ya Kitulo hutazamwa kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimekolea, na familia nyingi za Tukuyu hupanda huko kwa njia ya Isyonje. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, uko kwenye kimo cha karibu mita 2,600 na ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Mtoto avalishwe sweta na viatu vya kufunga. Baridi ya kule haijali kwamba mama amechagua gauni la kupigia picha.

Linalochukiza kuliko yote ni kuchuma. Okidi za huko huweka akiba ya chakula katika kiazi kilicho ardhini. Kikichimbwa, mmea umekufa. Kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa kwa magendo na kuvushwa mpaka kwenda Zambia, vikapikwe chakula kiitwacho chikanda pamoja na unga wa karanga. Watu wazima huwalaani wachimbaji, kisha papo hapo humchomekea binti ua sikioni ili apendeze pichani. Ua lililochumwa halitoi mbegu, na hilo la sikioni hunyauka kabla gari halijafika Isyonje. Kumwambia mtoto “chuma moja tu” ni kumfundisha wizi kwa kipimo. Afundishwe kuchuchumaa, mikono mgongoni, atazame kwa macho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Taka hurudi na aliyekuja nazo. Muziki wa gari huzimwa.

Adabu hizi haziishii Kitulo. Kwenye mashamba ya chai, upande wa Katumba, mgeni huanza kwa salamu, “Mugonile”, ndipo aombe ruhusa ya kuingia. Mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani, hivyo anayemsimamisha apige naye picha anamlia ujira wake. Watoto nao wasikimbizane kati ya mistari: wanachovunja ni yale majani mawili na chipukizi ambayo mkulima ameyasubiri.

Bibi mwenye magoti mabovu haburuzwi kupanda mlima Ngosi kwa ajili ya wajukuu. Huachiwa kiti, chakula na mtu wa kuzungumza naye, wala hafungiwi garini kama mzigo.

Kiingilio hulipwa kamili. Baba anayemtajia askari wa hifadhi umri wa uongo ili alipe pungufu, mtoto mwenyewe akiwa pembeni anasikiliza, heri angebaki nyumbani.